Naogopa Kumshika Mjukuu Wangu kwa Sababu ya Hamira Tumboni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utacheka basi cheka huko huko ofisini, usinichekee gazetini. Mimi ni mwoka mikate, nina miaka hamsini na nane, thelathini na mmoja kati ya hiyo nimeimaliza mbele ya tanuri lile lile, na kazini wananiita Bwana Hamira kwa kuwa nikibonyeza donge kwa kidole najua kama limeumuka au bado. Miezi miwili iliyopita jino lilinisumbua, nikakumbuka kuna vidonge vya kuua bakteria vilivyobaki kabatini tangu mama watoto alipougua kifua, nikavimeza vyote, jino likatulia lakini tumbo likaanza vurugu, linajaa gesi, linanguruma mbele za watu, na chooni naenda kama nimeajiriwa huko. Basi nikaenda kupima choo, mpimaji akanipa karatasi dirishani akasema niipeleke kwa daktari, nikaona foleni ya daktari imefika nje ya mlango nikaisoma mwenyewe, imeandikwa fangasi wachache wameonekana, nikarudi dirishani kuuliza ni fangasi gani hao, akasema ni wale wa jamii ya hamira, mzee, kamwone daktari, nami sikumwona, niliondoka zangu moja kwa moja nyumbani.

Mshauri, wewe labda hamira unaijua kwa kijiko, mimi naijua kwa tabia. Kijiko kimoja ukikipa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo kinainua beseni zima la unga, na miaka yote hii nimekuwa nikionja donge bichi kila siku kabla halijaingia tanurini, ndivyo alivyonifundisha fundi wangu, nikajua nimejipandia mwenyewe. Nikaamua kupambana nao kwa ujuzi wa kazi, chai ya moto nimeacha wasipate joto, sukari nimeacha wasipate chakula, na kwa kuwa kila mwokaji anajua chumvi ikizidi hamira inakufa, kila asubuhi nakunywa glasi ya maji baridi yenye kijiko kizima cha chumvi, hii ni wiki ya saba, na tumbo halijatulia hata siku moja, ndiyo kwanza linaharisha zaidi, nikasema kumbe wameshakuwa wengi.

Lakini hilo silo linalonitoa machozi. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, amejifungua wiki tano zilizopita, mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza, wanakaa kwetu mpaka mwisho wa mwezi ndipo warudi kwa mumewe, mbali sana. Siku ya kwanza alininyooshea mtoto akasema, "Baba, mpokee mgeni wako," nami nikarudisha mikono nyuma nikasema nina unga mikononi, na mikono ilikuwa safi, kila mtu aliiona. Mara ya pili nikasema nina mafua, mara ya tatu nikatokea mlango wa uani. Sasa nina kikombe changu, sahani yangu na taulo langu, na mama watoto ananitazama kama mpangaji. Juzi nikamsikia binti jikoni akimuuliza mama yake, "Mama, niambie ukweli, Baba amechukia kwa sababu ni msichana?" Nikashindwa kuingia, nikasimama koridoni na viatu mkononi. Mshauri, yule mtoto nampenda hata sijamgusa, lakini nitampaje fangasi kiumbe wa wiki tano? Nifanye nini?

Mwoka mikate mwenye aibu

JIBU

Kaka yangu, samahani, nimecheka. Nilijitahidi, nikashindwa nilipofika kwenye ile glasi ya chumvi. Kisha nikakukuta koridoni na viatu mkononi, kicheko kikaisha. Vuta kiti ukae, maana nina habari njema, na ugomvi wangu nitauleta baadaye.

Nimempigia daktari ninayemsumbua kwa mambo ya tumbo, nikamsomea barua yako yote. Akauliza, "Sasa anaogopa nini? Hao hata mimi ninao." Mimi pia ninao. Mama watoto anao, na mpimaji wa dirishani anao. Fangasi wanaishi ndani ya matumbo ya watu wenye afya zao, wachache sana ukilinganisha na bakteria, na kwa kawaida hawamsumbui mtu. Wengine wanapita tu na chakula. Wataalamu bado wanawachunguza, lakini inaonekana baadhi yao wanaizoesha kinga ya mwili kujua nani wa kupigana naye na nani wa kumwacha. Wanaweza kuleta shida, sikatai, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana, au pale dawa inapowafagia bakteria wazuri, wao wakapata nafasi ya kuzidi. Ndiyo maana karatasi ile husomwa na daktari, haisomwi na mwokaji aliyechoka foleni. "Wachache wameonekana," kwa mtu mzima kama wewe, mara nyingi maana yake ni kwamba mpimaji ana macho mazuri.

Na tumbo si beseni. Humo kuna joto miaka hamsini na nane, chakula kinaingia kila siku, na hujaumuka mpaka leo.

Haya, ugomvi. Nani alikutuma kumeza dawa za mkeo? Kifua chake na jino lako wapi na wapi? Kuharisha baada ya vidonge vile ni jambo linalojulikana, na huenda kungeisha kwenyewe kama usingelimwagia tumbo chumvi kila asubuhi. Maji ya chumvi namna hiyo yanaharisha, kaka! Daktari anashuku umejiharisha mwenyewe wiki saba, halafu ukawasingizia viumbe wa watu. Tena kwa umri wetu huu hiyo chumvi ni hatari kwa presha na figo. Imwage leo. Kesho rudi kwenye foleni ile ile, hata ikifika barabarani, mweleze daktari vidonge, chumvi na kila kitu, akupime vizuri. Jino nalo ulipeleke kwa mwenye kazi ya meno. Donge bichi acha kuonja kabisa, maana unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu vingine. Kidole chako kinatosha.

Kuhusu mtoto, ameshaanza kupata fangasi na bakteria wake tangu alipozaliwa, kutoka kwa mama yake na kwa kila aliyembeba. Wewe nawa mikono kwa sabuni, hasa ukitoka chooni, basi.

Ila binti yako hana ugonjwa wowote na ndiye anayeumia nyumbani humo. Usimtume mama yake akusemee. Nenda mwenyewe, umwambie, "Nilidhani naumwa, nikaogopa kumwambukiza mtoto, nikaona aibu kusema." Usimhutubie habari za bakteria. Akikucheka, vumilia, na akilia, usitoke chumbani. Kisha mwombe mtoto kwa mdomo wako. Shingo yake bado haijakaza, kwa hiyo tegemeza kichwa kwa kiganja chote, keti vizuri, na usiwe na haraka ya kumrudisha.