Mche Unaokufa Njaa na Akiba Yake

Dada yangu,

Mgongo unaniuma, ila bado naosha vyombo kwenye maabara ya mimea. Juzi nilimtania mtafiti wetu anayeipa miche sukari: "Mbegu ina mafuta yake, daktari, unaidekeza tu."

Akacheka. "Miche hii ina kasoro: protini za kuvunja mafuta zimo, ila mchukuzi wa kuziingiza kwenye peroksisomu, vijumba vya ndani ya seli ambamo mafuta huvunjwa, ni mbovu. Bila sukari, mche unakufa njaa na akiba yake."

Nikakuwaza. Mama mkwe wako anasema mwanao hanenepi kwa sababu unamnyima chakula. Sijui mtoto ana nini, lakini chakula kinaweza kuingia na kisimfae. Mpeleke hospitali wampime, usingoje ruhusa ya mtu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenilisha mpaka nikaitwa Gunia.