Mtu Niliyemfungia Amerudi

Jumanne, Shirimatunda

Amerudi. Yule mwanaume niliyemfungia akaunti jana kwenye mchezo wa mtandaoni ninaousimamia, kwa kumsumbua binti wa shule wa Himo amtumie picha zake, leo kaingia na akaunti mpya. Kaniandikia mbele ya wachezaji wote: "Msimamizi, geti lenu la bluu nalijua."

Geti letu kweli ni la bluu.

Nimemfungia tena, nikawaandikia wenye mchezo. Wamejibu asante, basi. Nimemwomba mama asimfungulie mtu asiyemjua.

"Kwani umegombana na nani, mwanangu?"

Nikaenda kulifunga geti kwa komeo.

Jioni yule binti kaniuliza, "Dada, ameondoka kabisa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akafuta akaunti yake. Aliyeondoka kabisa ni yeye.