Likizo ya Kusubiri Korongo

Jumapili, Novemba. Kigwa, saa tisa alasiri.

Jua la leo lina hasira. Alhamisi ilinyesha mvua moja ya nguvu, na tangu hapo mawingu yanapita tu, hayatuangalii hata usoni. Mimi nimechoka shingo.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya likizo yangu na sijaona korongo hata mmoja.

Ndiyo, nimechukua likizo kuja kutazama ndege. Karani wa masjala mzima! Bosi alisoma barua yangu mara mbili, akavua miwani. "Ungesema unaumwa ningekuelewa," akaniambia. Tarehe nilizikisia tangu mwezi wa saba, kwa sababu ofisini likizo hupangwa mapema. Korongo wao hawajazi fomu.

Nasema wale weupe wakubwa, wenye miguu myekundu na mabawa meusi nyuma, wanaotoka Ulaya baridi ikianza kule. Tangu utotoni nawaona wakitembea mashambani wakiokota panzi, taratibu, kama mabwana shamba. Lakini siku yenyewe ya kufika sijawahi kuishuhudia. Hivi wanajuaje? Nani anawaambia Kigwa kumenyesha? Na wanatangulia mvua, au wanaifuata?

Baba ana jibu lake. Anasema mvua ya kwanza ni ya kudanganya, mvua inayokaa ndiyo inayokuja na korongo. Babu yake alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kwenda pwani kwa njia hii hii ya misafara, na kila mwaka walihakikisha wamerudi kulima korongo wakitua. Baba hajawahi kupanda mahindi kabla hajawaona.

Isipokuwa mwaka jana.

Acha niseme ukweli, maana ni humu daftarini tu ninaposemea. Mwaka jana nilipata ujumbe wa hali ya hewa kwenye simu, nikampigia kwa mbwembwe. Nikamwambia, "Panda baba, hayo ya korongo yamepitwa na wakati." Akapanda. Mvua ikakata wiki tatu, miche ikaungua yote. Aliuza mbuzi wake wote ili tununue mbegu nyingine. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo ndege nimekuja kuwaangalia kwa hamu, sikatai, lakini pia nimekuja kwa aibu. Mwaka huu kuna mfuko mmoja wa mbegu, na mbuzi wa kuuza hakuna. Jirani zetu wote wamepanda tangu Ijumaa. Wanapita wakitusalimu kwa huruma fulani hivi inayokera. Na mimi siku zote tisa nimeuma ulimi.

Kitu ambacho sikukijua mpaka nilipofika ni macho ya baba. Presha ya macho imemla. Mtu akiwa mlangoni anamtambua kwa sauti, na mbingu kwake siku hizi ni weupe mtupu. Alinificha kwenye simu, mzee huyu! Mchana mzima anakaa na mimi uwanjani, uso juu, na kila baada ya muda ananiuliza, "Mayu, kuna kitu?" Wazee wa kwetu huwaita binti zao mayu, yaani mama.

Leo saa nane kulikuwa na kitu.

Sita au saba, juu sana, ng'ambo ya reli, wanazunguka bila kupiga mabawa. Nikapiga kelele, baba akasimama ghafla hadi kigoda kikaanguka.

"Mabawa yana weusi nyuma?"

Nilikodoa macho. Wote walikuwa weusi, jua lilikuwa nyuma yao. Wangeweza kuwa korongo. Wangeweza kuwa mwewe wetu wa kila siku, au hata tai. Jamani, nilivyotaka wawe wao! Ningesema neno moja tu, "ndiyo," naye angepanda jioni hii, nami ningepanda basi roho imetulia.

"Sijui, baba."

Wakapotelea upande wa Tabora. Baba akanishika bega.

"Mwaka jana ulijua," akasema.

Machozi yalinitoka, naye hakuyaona, au alijifanya hakuyaona. Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na mfuko wa mbegu, akaniwekea mapajani.

"Kaa nao. Utakaposema wamefika, tutapanda."

Basi la mwisho linapita saa kumi na moja, na kesho asubuhi natakiwa kazini. Bosi nimempigia mara mbili, hapokei. Nimemwandikia kwamba sitafika kesho, na sababu nimeandika ile ile: naangalia ndege.

Sijapanga begi.