Ba'mdogo Florian Kajirekebisha

Selina, acha hiyo kazi usome hapa.

Tumetoka mahakamani sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka. Ba'mdogo Florian kajifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Kesi ilikuwa nyepesi. Alikamatwa Buswelu akiendesha gari baada ya kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kwenye posa; akapuliza kipimo cha ulevi, kikaonyesha amezidisha. Mwendesha mashtaka akasema hana kumbukumbu yoyote ya makosa ya nyuma. Ilibaki faini ndogo tu, na ma'mdogo Kokushubira alishashusha pumzi.

Hakimu akauliza kama ana la kusema. Unatujua Wahaya. Tukose la kusema?

Kasimama, kafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, mimi nimejirekebisha. Mwaka juzi nilikataa kabisa kupuliza, wakanitia hatiani. Safari hii nimepuliza bila ubishi."

NIMEJIREKEBISHA, Selina. Kwa Kiswahili cha kusoma habari.

Hakimu kavua miwani. "Kumbe ulishatiwa hatiani?"

"Ndiyo, lakini sikupimwa."

"Mzee, kukataa kupimwa nako ni kosa. Kwa hiyo hili ni la pili."

Faini ikapanda maradufu, leseni ikazuiwa mwaka mzima.

Ma'mdogo ndiye kaendesha kurudi, ba'mdogo kanuna kiti cha nyuma. Kufika Mkuyuni trafiki katusimamisha, kamsogezea ma'mdogo kipimo. Ma'mdogo huyu huyu asiyeonja hata togwa. Akasita kidogo, akikishangaa.

Kichwa kikachomoza kutoka nyuma:

"Puliza, mama Justa. Puliza hata mara mbili."