Madebe Thelathini na Matano

Maisaka,
Babati,
Mkoa wa Arusha.

Jumapili, 26 Juni 1983

Mpendwa Mjomba Egidius,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri na masomo yanakwenda. Mama anauliza kama baridi ya huko imekuachia masikio. Nimemwambia mwezi wa sita Ulaya ni kiangazi, watu wanaota jua, lakini hakubali. Anasema Ulaya ni Ulaya. Sisi hatujambo. Mdogo wangu Anselmi alishikwa na malaria baada ya Pasaka, akapona, na sasa anakula kama mtu mwenye shamba lake mwenyewe.

Mahindi yetu ya Nakwa yamekauka vizuri. Sabuni hakuna kabisa. Mama anafulia majani ya mpapai, na blauzi yangu ya shule imekuwa na rangi ya maji ya ziwa. Sukari tuliiona mara ya mwisho mwezi wa nne, kwa kibali, nusu kilo. Tumezoea chai ya chumvi. Ukirudi usishangae.

Asante kwa kadi ya kompyuta yenye matundu uliyoniwekea ndani ya bahasha. Naitumia kushikia ukurasa. Saa nyingine naiinua dirishani, mlima Kwaraa unaonekana vipande vipande, kila tundu na wingu lake. Naangalia hivyo mpaka Mama aniite mara ya tatu.

Yale maandishi ya warsha yenu ya kompyuta nimeyasoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu, kamusi pembeni. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku mbili. Ni barua yako ya Kiswahili iliyonifungulia. Ulisema kompyuta ni kama jiko la Mama: chumvi iliyo kwenye kikopo inachukuliwa papo hapo, iliyo dukani lazima uifuate, na huku nyuma mboga inaungua. Ulisema watafiti wa warsha yenu wanakutana kuulizana mambo mawili, namna ya kuijenga mashine ili vitu viwe karibu, na namna ya kuipanga programu ili mashine isihangaike bure. Halafu kuna sentensi moja nimeikariri kama sala: mashine haipotezi muda kwa kufanya kazi, inapoteza muda kwa kubadilisha kazi.

Tangu siku hiyo ninaota macho wazi, mjomba. Mwalimu anafundisha mbolea, mimi naona nyumba ndefu yenye vyumba vingi, na namba zinapita mstari mmoja, peku, kimya, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Naingia nazo. Hakuna anayegeuka kuniangalia. Hakuna anayesema, wewe Fabiola, simama, jibu. Unanijua nilivyo. Hata jibu nikiwa nalo mdomoni, naliandika tu pembeni mwa daftari. Nadhani ndiyo maana niliipenda hiyo mashine kabla sijaiona. Niliona kuwa ndani yake mtu anaweza kufanya jambo kubwa bila kufungua mdomo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike tena kabla hujanijibu. Ile barua niliyoiposti tarehe kumi na tatu, ya wino mwekundu, tafadhali usiisome mbele ya wenzako. Uliniomba mfano wa nyumbani wa kuwaeleza kwenye warsha ya mwezi wa nane, nikakuandikia habari za mashine ya kusaga ya Mzee Salum. Kila neno la barua ile ni kweli. Ila niliacha mwisho wake.

Unakumbuka utaratibu wa pale. Mashine inasaga Jumamosi tu, dizeli ikipatikana. Ijumaa jioni kila mwenye nafaka anapeleka debe lake barazani, analipanga nyuma ya la mwenzake, anarudi nyumbani kulala. Debe linasimama kwenye foleni badala ya mtu. Hakuna kufuli, hakuna mlinzi, na hakuna anayegusa debe la mwingine. Asubuhi Mzee Salum anaanza na la mbele. Mahindi, halafu ulezi, halafu mahindi tena, halafu mtama. Kila nafaka ikibadilika anapunguza injini, anafungua, anakung'uta, anabadilisha neti, lile chujio la ndani, anapitisha pumba kidogo ili unga wa mtu usiingie wekundu wa ulezi. Na dizeli inaungua tu.

Nilikuwa nimeona hayo tangu utotoni. Lakini Jumamosi ile ya tarehe kumi na moja niliyaona kwa macho ya maandishi yako. Mama alinituma alfajiri na debe letu kwa kuwa jana yake tulichelewa kutoka shamba. Nilipofika, Mzee Salum alikuwa ameenda kuswali. Barazani palikuwa na ukungu na madebe tu. Arobaini na tano pamoja na letu. Mjomba, niliyaona kama zile namba zangu, yamesimama yananisubiri. Nikaanza kuyahamisha. Mahindi yote mbele, mtama na ulezi nyuma. Nilifanya kama mtu anayecheza, sikusikia hata uzito. Letu la mahindi nililiacha la mwisho kati ya mahindi, naapa. Kisha nikakaa kwenye jiwe kama niliyefika sasa hivi.

Mzee Salum akarudi, akawasha, akaanza na la mbele. Dizeli ambayo siku zote husaga madebe thelathini ilisaga thelathini na manane. Nilihesabu kwa vijiti. Nilirudi nyumbani nikielea, nikachukua wino mwekundu.

Ambacho sikukuandikia ni yale madebe saba yaliyobaki. Injini ilipozima, wenye mahindi walikuwa wameshaondoka na unga wao. Miongoni mwa wenye madebe hayo alikuwamo Bibi Paskalina wa Mutuka, yule mwenye shuka la bluu aliyekuwa akikuletea maziwa mgando. Debe lake la ulezi alilileta Ijumaa kwa miguu, mgongoni, na lilikuwa la tatu. Binti yake alikuwa na siku nne tangu ajifungue, na uji wa mzazi unajua ni uji gani. Hakupiga kelele. Alilikalia debe lake, akasema kwa Kiiraqw, halafu akarudia kwa Kiswahili ili Mzee Salum aelewe, "Mimi nilikuwa wa tatu." Basi. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Nilisikia, nikaenda zangu nyumbani kukuandikia habari za thelathini na manane.

Jumamosi iliyofuata dizeli haikuja, na maneno yakapata nafasi ya kukua. Mzee Salum ameuza nafasi. Mzee Salum amepewa kitu kidogo na wenye mahindi. Mwishowe likatamkwa lile neno la mwaka huu, mlanguzi. Mjomba, huko uliko sijui kama mnasikia. Tangu msako wa wahujumu uchumi uanze mwezi wa tatu, neno hilo si la mchezo. Mtu akitajwa hivyo kwa wakubwa anaweza kuchukuliwa na kuwekwa ndani, na mashine ikafungwa. Na mimi ndiye pekee niliyejua. Nilikuwa nalala na ile kadi chini ya mto, naona matundu yote yananiangalia.

Jumapili ya tarehe kumi na tisa, baada ya misa, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Melkiadi, akaita kikao uani kwake. Alisema wakielewana hapo, jambo linaishia hapo, wasipoelewana atalipeleka mbele. Mzee Salum alikuja na kofia yake, midomo imemkauka kwa mfungo. Akasema, "Wallahi sijagusa debe la mtu. Nimeyakuta hivyo, nikasaga nilivyoyakuta."

Tadeo fundi baiskeli, unamjua asivyoweza kunyamaza, akadakia, "Basi tuseme yalitembea yenyewe. Madebe ya Babati siku hizi yana miguu, jamani! Langu nalo likitaka kwenda Arusha liniage."

Watu wakacheka. Mzee Salum hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake iliyojaa unga miaka yote hiyo. Nikaona tu nimesimama. Sikumbuki kuamua. Nilisema, "Ni mimi," na sauti ikatoka ndogo hivi, Mzee Melkiadi akaweka mkono sikioni. Nikasema tena. Nikaeleza neti, na kubadilisha, na dizeli. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, lakini nilieleza yote.

Mzee Melkiadi akauliza, "Nani amekufundisha mambo haya?"

"Mjomba Egidius. Kwa barua."

"Kumbe!" akasema Tadeo. "Mtoto wa watu amekwenda Ulaya kusoma, anatupangia madebe kutoka huko huko!" Safari hii hata Mama alicheka, ingawa alikuwa amejifunika uso kwa kitenge kwa aibu.

Bibi Paskalina ndiye hakucheka. Aliniita karibu. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Mjukuu wangu, hiyo mashine ya mjomba wako, inapompeleka mtu nyuma, inamwuliza kwanza?"

Nimerudi kwenye maandishi yako kutafuta jibu lake, nimeyapitia yote na kamusi. Sijaliona.

Kikao kikaisha kwa Mzee Melkiadi kumpa mkono Mzee Salum mbele ya watu wote. Nami nikapewa adhabu mbili. Ya kwanza ni ya Mama. Nilisaga ulezi wetu kwa jiwe, debe zima, siku tatu, nikaupeleka Mutuka kichwani. Mtoto ni wa kike, ana nywele nyingi. Nilikaa kidogo nikimwangalia mama yake anakunywa uji, na nje ziwa lilikuwa limetulia kama bati jipya. Hakuna aliyenisema. Ingekuwa afadhali wangenisema.

Adhabu ya pili alitoa Mzee Salum mwenyewe. Alisema hesabu yangu ni nzuri na dizeli inaonekana, kwa hiyo madebe yataendelea kupangwa, lakini kuanzia sasa wenyewe wawepo asubuhi, na Fabiola atamwuliza kila mmoja, kwa sauti, kama ana unga nyumbani na kama anaweza kusubiri. Mimi, mjomba! Watu arobaini!

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Wa kwanza nilimnong'oneza mpaka akaniuliza kama naumwa. Kufika wa kumi nilikuwa nasikika. Kufika wa ishirini Tadeo akasema redio imepata betri. Wenye ulezi wa wagonjwa na wazazi tuliwaweka pamoja mwanzoni, halafu neti ikabadilishwa, halafu mahindi, na mwisho mtama. Dizeli ilikuwa ileile. Tulisaga madebe thelathini na matano, kwa kuwa kuulizana kulikula muda huku injini ikiunguruma. Watano walibaki, na wote watano walikuwa wamesema wenyewe kwamba wanaweza kusubiri. Walichukua madebe yao wakaenda wakipiga soga.

Usiku huo niliiota tena ile nyumba ndefu. Namba zilipita kama kawaida, ila safari hii mtu mmoja mlangoni alikuwa anaiuliza kila namba jina lake, na sauti ilikuwa yangu.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae soksi. Anselmi anaomba stempu. Mzee Salum anasema akuone ukirudi, ana neno nawe, lakini alisema huku anatabasamu. Bibi Paskalina anasema maziwa yako yapo. Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe macho ya kuona yaliyo mbali na moyo wa kukumbuka yaliyo karibu.

Na utakaposimama kwenye warsha mwezi wa nane, mbele ya hao mabingwa, wapelekee swali la Bibi Paskalina kabla ya mfano wangu. Kisha ukifika kwenye hesabu, mjomba, usitaje thelathini na manane. Sema thelathini na matano.

Mimi mpwa wako, nikupendaye tangu ulipokuwa ukinibeba mabegani,

Fabiola