Njano Mikono Minne

Noreen, uko? Usinipigie, soma tu.

Ile ndege ya bati aliyoiunda Darcy wangu bandani miaka sita, leo anataka kuipanda na kuirusha mwenyewe. Mara ya kwanza!

Mzee Quilty, yule fundi wa ndege wa zamani, kaja kuitazama. Kaisifu, kisha kashika vile vibawa vidogo vya kugeuzia, nyuma ya bawa kubwa. "Kijana, hapa umepaka rangi mikono mingapi?"

Darcy kajibu, "Praima ya kijani chini kabisa, nyeupe juu yake, halafu njano mikono minne. Njano haifuniki upesi, Mzee."

"Na uzito ukausawazisha upya baada ya kupaka?"

"La, Mzee." Noreen, ati LA!

Alisawazisha kabla. KABLA! Mzee anasema rangi ikizidi uzito kule nyuma, kibawa hutetemeka angani mpaka king'oke.

Na njano nilichagua mimi. Yeye alitaka rangi ya fedha, mkono mmoja tu. Mimi nikasema iwe njano, ionekane hata ikianguka porini. Mungu anisamehe mdomo huu.

Darcy anacheka. "Mama, ni rangi, siyo saruji. Watu wameshafika, soseji ziko motoni."

Mzee kamwambia, "Basi watakula soseji za matanga." Hata hilo kalicheka.

Nimeegesha gari langu mlangoni pa banda, ndege isitoke. Nimo ndani, nimejifungia, ufunguo nimeukalia. Nasali tu.

Anagonga kioo. "Mama, toka, unaniaibisha!"

Sitoki.

Sasa kaacha kugonga. Noreen, amekwenda kuleta trekta.