Mkutano Siku ya Bamvua

Jumatatu, 7 Julai
Asubuhi yote kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Vidole vimechakaa. Barua imebandikwa ofisi ya kijiji: mradi wa kuhifadhi mikoko unakuja kusikiliza wananchi Alhamisi, saa nne asubuhi. Nimecheka peke yangu. Alhamisi ni bamvua, maji yanatoka mpaka kule mbali, na saa nne kila mwanamke wa hapa yuko kwenye mwani wake. Watamsikiliza nani, kunguru? Nimemwambia mtendaji wa kijiji. Mtu wa Maramba yule, bara huko, bahari anaitazama akiwa juu ya pikipiki. Kasema barua imeshatoka.

Alhamisi, 10 Julai
Bamvua nzuri. Kamba kumi na nane. Tumerudi adhuhuri, wageni wameshaondoka. Mtendaji kanionyesha muhtasari: "Wananchi hawana pingamizi." Wananchi gani? Wanaume sita walioinuka kwenye bao.

Halafu ramani, ukutani ofisini. Mlango wa Wake, njia yetu ya kupita katikati ya mikoko kwenda kwenye mwani, umepakwa rangi nyekundu. Pembeni pameandikwa "eneo lisilotumika". Utafungwa, ipandwe miche. Wilaya inasaini mwisho wa mwezi. Bila njia ile hatuna mwani. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Ijumaa, 11 Julai
Bado nina hasira. Mikoko ile bibi zetu ndio walioitunza. Anayekata mti karibu na Mlango faini yake kukipikia kijiji kizima wali, na bado anasemwa mwaka mzima. Leo tunakuja kufundishwa kuhifadhi!

Jumapili, 13 Julai
Kikao cha kikundi chetu cha mwani, uani kwa Bi Mwanasha, mwenyekiti wetu. Kelele tupu. Mara twende wilayani, mara tung'oe ramani ukutani. Mwanasha akatunyamazisha: wao walituita siku yao, sisi tuwaite siku yetu. Mimi ndiye katibu, nikaandika: "Tunawakaribisha Alhamisi tarehe 24, saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Mkutano utafanyika katika eneo lisilotumika. Njooni na viatu vya kulowana." Tumecheka mpaka Mwanasha kamwaga uji.

Jumamosi, 19 Julai
Kimya. Hakuna jibu. Mtendaji amenuna, eti nimewadharau wakubwa. Huenda nimezidisha. Wasipokuja, ni ule mstari wangu wa viatu uliotuponza. Naogopa.

Alhamisi, 24 Julai
Wamekuja! Bwana Elia, mtaalamu wa mradi, na wenzake wawili. Viatu vya ngozi, vinang'aa. Barua hawakuisoma mpaka mwisho. Hatua ya tatu Mlangoni, Elia kazama mpaka magotini. Mwanasha akaja kusimama mbele yake. Mtu ana adabu zake, hata topeni:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo pasipotumika."

Kile kicheko nadhani kimesikika Pongwe. Tumemvuta, kiatu kimoja kikabaki. Akaanza kutuhesabu kwenye mwani, akafika arobaini, akaacha. Kisha kazi. Tumemwonyesha mchanga ambao ramani yake inataka upandwe mkoko, na kwa nini utakufa pale, na mahali ambapo mchu, mkoko wa mchangani, unajiotea wenyewe bila mradi. Kaandika kurasa na kurasa, miguu mitupu. Nimemkubali.

Jumatano, 30 Julai
Ramani mpya iko ukutani, na sahihi ya wilaya. Nyekundu imehama. Katikati, herufi kubwa: MLANGO WA WAKE. Miche tutapanda sisi, tunapopajua. Hata sheria ya wali imeandikwa chini, neno kwa neno. Nimesoma mara tano. Nimelia kidogo, nikaona aibu, nikalia tena. Mtendaji siku hizi ananiwahi kwa salamu.

Ijumaa, 8 Agosti
Elia kapiga simu jana. Wanataka mkutano mwingine. Tarehe hakutaja. Kauliza bamvua inaanza lini. Nikamwambia kesho, atuache tufanye kazi, aje wiki ijayo maji yakiwa mafu, hayatoki mbali. Kasema sawa, mama.

Leo kamba ishirini. Jua la wastani, mgongo unauma kidogo. Wakati wa kurudi tumekiona kiatu chake pale Mlangoni. Kaa ameshahamia.

Tumekiacha. Eneo linatumika.